Petroli ni Maji Yenye Hasira

Kijiwe kile kina benchi moja la mbao, birika moja la kahawa, na mafundi wengi wasiojua spana inashikwa wapi. Benchi limeegemea ukuta wa Kamusi, mkutubi mstaafu, na asubuhi hiyo Kamusi alikuwa amelala chali chini ya gari lake la kale nje ya geti. Miaka minne gari hilo lilikaa juu ya mawe, na kijiwe kilishalibatiza jina la Kabati. Leo mkewe alikuwa ndani anavaa. Dada yake ametoka hospitali, na Kamusi ameapa kumpeleka mkewe akamwone kwa gari lao wenyewe. Kilichobaki ni mpira wa mafuta, ule unaotoa petroli kwenye tangi kuipeleka kwenye injini. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino.

— Mpira wa petroli unauzwa mjini, Kamusi alisema kutoka chini. Duka linafunguliwa saa nne.

— Mjini ukafuate nini? alidakia Bomba, fundi wa mabomba ya vyoo. Mimi ninao mpira wa maji hapa, mpya, unaona mpaka ndani. Petroli ni nini bwana? Ni maji yenye hasira.

— Si utalainika?

— Ukilainika ndiyo vizuri, utakata kona.

Kamusi alijua huo ni upuuzi. Kitabu cha gari alikisoma mara mbili, na kilikataza jambo hilo kwa herufi nene. Lakini kuchekwa miaka minne kunachosha, na leo walau walikuwa wanamshauri. Akaupokea mpira.

— Nahitaji klipu mbili za kubania.

— Klipu za nini? alisema Mahakama, karani wa zamani anayehukumu kila kitu, kuanzia ndoa za watu hadi mvua. Zungushia waya mmoja, basi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Methali hiyo inataka viwili!

— Wewe unafunga mpira au unatafuta chawa?

Benchi zima likaangua kicheko. Kamusi naye akacheka, na hicho ndicho kilichomponza. Alifunga waya mmoja.

— Inadondoka, alisema baadaye kidogo.

— Idondoke! alijibu Pasi, mpiga pasi wa mtaa. Haba na haba hujaza kibaba. Kinga kopo, likijaa rudisha kwenye tangi. Hasara iko wapi?

— Inadondokea ekzosi, bomba la moshi, na gari likiwaka ekzosi inachemka.

— Dawa ya moto ni moto, Mahakama alihukumu. Kesi imefungwa.

Harufu ya petroli ikatanda. Kamusi akatoa kichwa uvunguni ili avute hewa, na hapo akaona mambo. Pasi alikuwa anavusha barabara pasi yake ya mkaa. Bomba alikuwa amesogeza makalio hadi ukingo wa benchi. Mahakama alisimama kunyoosha mgongo, akaenda kuunyooshea kule kwenye kona.

Mkewe akatoka, mkoba begani, akanusa hewa. Hakuwahi kusimama kijiweni hata siku moja.

— Gari limepona, shemeji! Bomba alipaza sauti. Safari njema!

— Asanteni, shemeji zangu. Basi twendeni wote, nafasi ipo. Tangi liko chini ya kiti cha nyuma. Nani anakaa nyuma?

Bomba akakumbuka sinki la mtu. Mahakama akashika kiuno. Pasi, kule ng'ambo, akajifanya hakusikia. Majitu mazima, midomo mipana kama milango ya ghala, na kila mmoja na udhuru wake.

Mwanamke akamgeukia mumewe.

— Na mimi, baba watoto, ulinipangia nikae wapi?

 Aibu ilimpanda Kamusi hadi masikioni. Angewasha. Hilo ndilo lililomuuma: angewasha, na mkewe yumo, ili wale walevi wa kahawa wampigie makofi.

Akarudi uvunguni. Akakata waya, akauchomoa mpira, akaziba tangi kwa kizibo.

— Mpira wangu mzima huo! Bomba alilalamika.

Kamusi akamrushia. Mkewe alipangusa benchi, ambalo sasa lilikuwa tupu, akaketi, akajimiminia kahawa.

— Nenda mjini, alisema. Dada atatusubiri. Na ununue klipu mbili.