Beverlyne Akoth, Aliyelazwa Ndani ya Ua

Marehemu Beverlyne Akoth alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1996, hapa Macalder. Wazazi wake, Jeremiah na Helen, walifariki mapema, nikamlea mimi nyanya yake, Eucabeth. Anayewasomea ni dada yake Benta, lakini maneno ni yangu.

Alisoma hapa hapa, kisha akasomea ualimu wa chekechea Homa Bay, akamaliza 2017 na kufundisha huko. Mtoto akilia darasani, naye alilia, halafu wote wakaanza kucheka. Hakuolewa.

Mwaka 2022 daktari alimwambia ana ugonjwa wanaouita borderline. Moyo hushika moto upesi, na hofu ya kuachwa haimtoki mtu. Alitibiwa kwa mazungumzo kliniki, akapata nafuu. Mwaka uliofuata watafiti walimwomba apigwe picha ya ubongo. Alikubali mbio, akaniambia akiniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo: "Dani, sasa wataona siigizi."

Picha ilikuja na barua: hakuna uvimbe, hakuna jeraha. Watafiti walimweleza wazi kwamba ugonjwa huu hausomwi kwenye picha ya mtu mmoja. Wao hulinganisha za watu wengi ndipo wajifunze. Lakini mwanangu Barnabas, baba yake mdogo, aliisoma barua mbele ya ukoo.

"Mashine imesema kichwa kizima. Hiki ni kiburi."

Tangu hapo, kila alipolia aliambiwa, "Tuonyeshe picha." Mkacheka. Nawajua mliocheka, mmekaa hapo kwenye hema. Kwa aibu akaacha kliniki.

Tarehe 11 Februari 2025 aliamka hapa kwangu akiumwa tumbo. Nilimwita Barnabas alete gari.

"Mama, mwache. Atachoka mwenyewe."

Kufika hospitalini ilikuwa siku ya tatu, kidole tumbo kimeshapasuka. Alifariki Alhamisi, tarehe 13. Je, hicho nacho kilikuwa kiburi?

Halafu mkaja kunifundisha kwamba binti asiyeolewa huzikwa nje ya ua. Mila hiyo niliijua kabla hamjazaliwa. Kushoto mwa nyumba yangu ni mahali pangu pa kuzikwa, nami nimempa yeye. Siku yangu ikifika, nitoeni mimi nje. Barnabas atatupa udongo wa kwanza, na atautupa kimya.

Ameacha nyanya yake, dada yake Benta, Barnabas, na watoto wa chekechea waliokuja leo na sare zao.

Pumzika kwa amani, mjukuu wangu. Humu ndani hakuna atakayekudai picha.