Ukurasa wa Fundi Brightson

Saa tatu na dakika tano, Jumapili. Wasikilizaji wapendwa, mpo na mie Mwinjuma. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko barabarani, punguza mwendo. Leo tunamkumbuka fundi wa magari, na ni heri niseme mapema: kumbukumbu hii si tamu. Mie mwenyewe nimo ndani yake, na simo mahali pazuri.

Anaitwa Brightson Mwakalobo. Fundi Brightson wa Tandika. Amefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na moja. Alikuwa gereji, mkono mmoja umeshika boneti ya gari la mteja, akasema anasikia kizunguzungu. Akakaa chini. Hakuinuka tena. Alhamisi tumemzika makaburi ya Kinondoni.

Alizaliwa Tukuyu, mtoto wa tatu kati ya watano. Aliingia Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akafikia kwa ndugu yake Temeke, akajifunza injini za malori kwa kuosha vyuma vya wenzake. Baadaye akafungua gereji yake Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Miaka zaidi ya ishirini na tano, pale pale. Jioni alikuwa anarudi nyumbani nusu mweusi kwa oili, nusu mweupe kwa unga, na watoto wa mtaani wakimcheka na yeye anacheka nao.

Sifa yake ilikuwa magari ya turbo. Turbo, kwa msiojua kama mie, ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, halafu kinashindilia hewa kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yakiongezwa, nguvu inapatikana. Gari la namna hiyo likimshinda mtu Sinza, likimshinda mtu Mwenge, lilikuwa linavutwa kwa kamba mpaka Tandika.

Na alikuwa na mluzi. Kazi ikimpendeza, Fundi Brightson alipiga mluzi wa tenzi za kanisani kwao. Mkewe, Mama Sekela, ameniambia hivi: "Akija njiani anapiga mluzi, najua gari limepona. Naweka maji ya kuoga. Akija kimya, namwachia nafasi." Mluzi huo ukumbukeni, wasikilizaji wapendwa.

Sasa tuje kwa Edgar. Edgar alikuwa mtoto wa dada yake fundi, dada anaitwa Tupokigwe, anaishi Mbagala. Baba yake Edgar alikufa mapema, kwa hiyo aliyemfundisha kijana huyu kushika spana, kuendesha gari, hata kunyoa ndevu, ni mjomba wake. Edgar akasoma, akawa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Akiwa na miaka ishirini na tisa akajipatia gari lake. Gari la spoti, la bluu, lina turbo, limetumika Japani. Kila Jumamosi analipeleka Tandika likaangaliwe, hata kama halina ugonjwa.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Na miaka sita iliyopita, kwenye redio hii, kulikuwa na tangazo la duka moja la vipuri. Duka lenyewe limeshafungwa, jina lake halina kazi tena. Walikuwa wanauza inteki. Inteki ni bomba la kuvutia hewa, lenye chujio la wazi mwishoni, jekundu, zuri kwa macho. Unatoa boksi la chujio lililokuja na gari, unaweka hiyo. Tangazo lilisema: "Gari lako linahema kwa shida? Lipe pumzi mpya. Asilimia ishirini ya nguvu zaidi, siku hiyohiyo." Sauti iliyokuwa ikisema maneno hayo ilikuwa yangu. Asilimia ishirini niliisoma kwenye karatasi niliyopewa. Sikuuliza imepimwa wapi. Mie hata plagi siwezi kubadili.

Ijumaa moja mchana Edgar akafika gereji na boksi lake.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba. Nini hiyo?"

"Inteki. Nataka unifungie, kesho nije kuchukua gari."

Fundi akaigeuzageuza mkononi. Akamwambia, "Debe tupu haliachi kuvuma, mjomba."

Edgar akacheka. Na wakati huohuo, Mama Sekela anasema alikuwepo na alisikia kwa masikio yake, redio ya gereji ikatoa tangazo. Edgar akanyoosha kidole. "Si unamsikia Mwinjuma? Mwinjuma naye ni debe?"

Basi fundi akafunga. Lakini Fundi Brightson hakuwa mtu wa kufunga kitu asichokipima. Jumamosi alfajiri, kabla ya kulifungua lile boksi la zamani, alilipeleka gari Kigamboni, kwenye barabara iliyonyooka, peke yake. Akapima kwa saa ya mkononi gari linatumia sekunde ngapi kutoka kasi ya themanini kufika mia na ishirini. Mara tatu. Akasimama pembeni, akafunga inteki mpya, akapima tena mara tatu. Alikuwa pia na kile kimashine cha kusomea kompyuta ya gari, kinachoonyesha hewa inaingia na joto kiasi gani. Yote akaandika kwenye daftari lake.

Namba nitawasomea. Kwanza nimalize habari.

Saa sita mchana Edgar akaja na mama yake. Mama Tupokigwe alikuwa amebeba wali na maharage kwenye hotipoti. Edgar akawasha gari, akakanyaga. Wasikilizaji wapendwa, inteki ya wazi inalia. Turbo inasikika ikivuta, ukiachia mafuta inatoa pumzi kama mtu anayeshusha gunia. Watu wa mashine ya unga wakatoka nje. Edgar alikuwa anacheka kama mtoto. Akauliza, "Anko, limeongezeka?"

Mafundi wana neno lao. Fundi akiwa hana la kusema, na mteja ana furaha, neno hilo linaokoa siku. Fundi Brightson akalisema.

"Limechangamka."

Basi. Daftari lilikuwa mfukoni mwa ovaroli yake.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, saa tano asubuhi, Edgar alikuwa barabara ya kwenda Kimbiji. Pembeni yake alikaa Jawad, mwenzake wa kazini. Mbele yao kulikuwa na semitrela ya kokoto. Jawad leo anatembea na gongo, na ameniruhusu niyasome maneno yake: "Nilimwambia braza subiri, kuna lori linakuja. Akasema tulia, siku hizi linavuta. Likalia kweli, sauti ikajaa gari zima. Nilikuwa naangalia tairi za ile semitrela. Hatukuzimaliza."

Edgar alifariki palepale.

Sisemi inteki ndiyo iliyomuua. Askari wa barabarani waliandika kuwa aliovateki mahali pabaya, na ni kweli. Fundi Brightson mwenyewe hakuwahi kusema inteki ilimuua. Alisema kitu kingine, na aliniambia mie, pale mapokezi ya redio hii, mwezi wa pili baada ya msiba. Alisema, "Mwinjuma, gari halikuongezeka kitu. Aliyeongezeka ni dereva."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Edgar angelisikia. Mkuu hakulisema.

Siku ile alinijia na ukurasa aliouchana kwenye daftari. Alitaka niusome hewani. Nikamuuliza, kwa nini redioni, mzee, dada yako si yupo hapo Mbagala? Akaniambia: "Kumwambia usoni siwezi. Nimejaribu. Dada anasikilizaga kipindi chako. Wewe soma tu, mie nitakuwa nimekaa hapo naye."

Nikamwambia tutaangalia ratiba.

Hatukuangalia ratiba yoyote. Duka lile lilikuwa bado linatangaza kwetu, na sauti ya tangazo ilikuwa bado ni yangu. Akaja mara ya pili. Nikamwambia tuvute subira. Akaja mara ya tatu. Alikuwa amevaa shati limenyooshwa pasi mpaka kola. Alikaa mapokezi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Mie nilipita mlango wa nyuma, wasikilizaji wapendwa. Nilimwona kwenye kioo, nikapita mlango wa nyuma. Naona aibu kulisema, na nimelisema.

Hakurudi. Alirudi kwenye kazi yake. Kuanzia hapo, kila aliyempelekea inteki alipewa ukweli kabla ya kupewa kiti. Na alisema ukweli wote, hakuchukia chuma. Alikuwa akisema: kama unaligeuza gari lote, unapanga upya kompyuta, unaileta hewa ya nje iliyopoa mpaka kwenye chujio, hapo utapata kitu. Lakini ukichomeka tu hiki chekundu pembeni ya injini inayochemka, umenunua sauti. Wateja wengi hawakutaka kusikia hivyo. Walihamia kwa mafundi ambao magari yote yanachangamka. Na Mama Sekela anasema tangu Edgar azikwe, mluzi hakuusikia tena. Miaka sita maji ya kuoga yamewekwa kwa kubahatisha.

Juzi Alhamisi, baada ya mazishi, nilikwenda matangani. Mama Sekela akaingia ndani, akatoka na ukurasa. Ni uleule. Umekunjwa mara nne, una alama ya dole la oili. Akasema, "Alikuwa akisema ni wako."

Nikaupeleka kwa Mama Tupokigwe, alikuwa amekaa mkekani. Nikamwamkia. Nikamweleza yote, mpaka mlango wa nyuma. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hivi, na amenipa ruhusa niseme:

"Mwanangu, nilijua siku ileile. Kaka yangu kazi ikimpendeza anapiga mluzi. Siku ile alikula wali wangu kimya, akasema limechangamka. Nikajua halina kitu. Na mie nikanyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa na furaha. Miaka sita namngoja kaka aniambie, ili na mie nimwambie kuwa nilijua. Kila Jumapili alikuja kwangu. Anawasha redio, anakaa pale kwenye kile kiti, kipindi chako kikiisha anaaga anaondoka. Nilidhani anakipenda kipindi chako."

Nimehesabu kichwani, wasikilizaji wapendwa. Jumapili za miaka sita zinapita mia tatu. Kila moja nilikuwepo hapa kwenye kiti hiki, nacheka, nawasalimu watu wa Tandale na watu wa Kigamboni.

Kwa Mama Sekela na watoto, poleni sana. Kwa Mama Tupokigwe, uliyezika mwana na sasa umezika kaka, pole, na nisamehe ukiweza. Kwa Jawad, pole. Na wewe unayenisikiliza, kama una neno la kumwambia nduguyo na unangoja mtu mwingine alitamke kwa niaba yako, zima redio. Nenda kamwambie. Mie sitakasirika.

Sasa nausoma ukurasa. Mwandiko ni wa Fundi Brightson Mwakalobo wa Tandika.

"Gari la Edgar. Themanini mpaka mia na ishirini. Boksi la zamani: sekunde saba nukta moja, saba nukta moja, saba nukta mbili. Joto la hewa, arobaini na moja. Inteki mpya: saba nukta nne, saba nukta nne, saba nukta tano. Joto la hewa, sitini na tatu. Nguvu, hakuna. Sauti, ipo."

Chini yake, kwa kalamu nyingine, amejiandikia mwenyewe: "Mwambie Edgar."