Lao Vai Hong na Mikono ya Man Ieng

"A-Hong, itoe hiyo filamu! Sina hata jino moja mbele, unanipiga picha nikianika samaki. Mataa ya kasino yamejaa kule, nenda kapige hayo!"

"Mataa yana wapigaji wake, bibi. Wewe una nani?"

"Nina beseni la maji machafu, subiri hapohapo!"

"Basi ukipata meno nitarudi."

Huyo ni Bibi Cheong wa ghorofa ya tatu akigombana na marehemu Lao Vai Hong. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kila Jumapili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Makau, upande wa Taipa, mtoto wa pili wa Lao Kuan na Leong Sio Ha, wasokota fataki. Alisoma mpaka darasa la sita, mwaka 1969. Mwaka huo baba yake aliungua mikono kazini, shule ikaishia hapo.

Alijifunza kazi kwenye studio moja mtaa wa Patane, akapiga picha za pasipoti kwa miaka arobaini na tano. Jumapili alikuwa wa mtaani: muuza uji akipuliza moto, mama anayedeki ngazi, wagawa karata wa kasino wamevua viatu wanasubiri basi. Kila aliyepigwa alikuta nakala yake imepenyezwa chini ya mlango. Alisema, "Watalii wana picha za mji huu mpaka zinawamwagika. Wenye mji hawana."

Tarehe 11 Novemba 1984 alimuoa Sio Kam Lin, fundi cherehani. Katikati ya sherehe alipotea, akakutwa jikoni anawapiga picha wapishi. Bibi harusi akamuuliza, "Leo nimeolewa na wewe au na kamera?" Walijaliwa watoto wawili.

Kuna jambo moja lilimkaa moyoni, na familia imekubali lisemwe. Mwaka 2013 binti yake, Man Ieng, alianza kugawa karata kasino. Jioni moja alipomaliza wali, mikono ikajiendea yenyewe: akapiga viganja, akavigeuza juu chini, kama wanavyofanya kazini kabla ya kuacha meza, kuonyesha hawajaficha kitu. Marehemu akacheka. "Mwanangu, hapa kwetu hakuna anayekudhania mwizi!" Wote mezani wakacheka. Halafu akainua kamera. Man Ieng akaiziba kwa kiganja, akaondoka mezani.

Alihama. Miaka kumi hakukubali kupigwa picha na baba yake. Kila mwaka mpya alikuja, akala amesimama, akaenda zake. Mzee aliipiga picha Makau nzima, ila ya binti yake mwenyewe, kwa miaka hiyo yote, hana. Aliumia, ila kusema "nisamehe" hakujua aanzie wapi.

Septemba 2022 aligundulika ana saratani ya mapafu. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni. Ameacha mke, Kam Lin. Watoto, Man Ieng na Chi Fong. Dada yake, Lao Sut Fan. Na Bibi Cheong, ambaye leo amekuja na meno mapya na hana wa kumpiga picha.

Jumapili kabla hajafa, Man Ieng aliingia wodini akiwa bado na sare. Mzee akavuta pembeni barakoa yake ya oksijeni.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Muongo."

Kisha mzee akapiga viganja vyake, taratibu, akavigeuza juu chini.

"Baba, acha."

"Siku ile nilikukosea, mwanangu. Sina kingine mkononi."

Man Ieng akaitoa kamera ya baba yake kwenye droo, akaipiga ile mikono huku analia. Ndiyo picha iliyoko mbele ya kijitabu cha mazishi mlichoshika.

Mzee akaanza kujiinua. "Haya, mimi natoka. Bibi Cheong kasema meno yamefika. Nimeshachelewa."

Man Ieng hakumbishia, ingawa alijua hafiki hata mlangoni. Alipiga magoti, akamvisha kandambili, akasogeza kiti, akampisha.

Apite salama, alale vizuri.