Yowe la Ardith Gorny

Wasikilizaji wapendwa, ni saa tisa alasiri hapa Erie, kando ya ziwa, na theluji imefika vizingitini. Kama uko jikoni, funga bomba kidogo unisikie. Kama uko barabarani, nenda polepole. Leo tunamkumbuka Casimir Gorny. Casimir Gorny, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Ukungu, alifariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka themanini na sita.

Kwa walio vijana, niwaeleze. Bwana Ukungu alikuwa kwenye televisheni ya hapa mjini kila Jumamosi alasiri, kwa miaka ishirini na miwili. Alijipaka unga usoni, akavaa joho la kwaya aliloliazima kanisani na asilirudishe, akatuonyesha filamu za kutisha. Kabla ya kila filamu alitwambia kama inafaa kutazamwa au haifai. Na jambo moja hakulilegezea kamba kamwe. Filamu ya zamani ikitengenezwa upya, yeye alisema: msitazame. "Mfu aliyezikwa vizuri, mwacheni alale."

Watu walimpigia simu kumtania. Mama mmoja wa Mtaa wa Peach alimwambia, "Wewe una wivu tu!"

"Ndiyo, mama, nina wivu," akajibu. "Wewe ukiletewa mume mpya, yule wa zamani utamwacha nje kwenye baridi?"

"Mlete hata leo!" mama akasema. Mji mzima ulicheka wiki nzima.

Sasa sikilizeni, maana kisa chenyewe kinaanzia nyuma zaidi. Januari ya mwaka 1973, Casimir na rafiki zake walitengeneza filamu yao wenyewe. Walikuwa watu wa hapahapa: fundi bomba, mwalimu wa muziki, vibarua wa kiwandani. Filamu iliitwa *Wageni wa Januari*. Waliipiga juu ya barafu ya ghuba, katikati ya vibanda vya wavuvi wanaovua kwenye matundu ya barafu. Wafu wanatoka chini ya barafu, wanakuja kudai viti vyao mezani. Na mke wa mvuvi aliigizwa na Ardith. Ardith Gorny, mke wa Casimir, mpishi wa shule, ambaye hakuwahi kuigiza hata mchezo wa Krismasi.

Stosh Bielak, yule fundi bomba, yuko hai bado. Juzi aliniambia hivi: "Mimi nilikuwa maiti wa nne. Nimelala kwenye maji ya barafu, meno yanagongana. Kaz, yaani Casimir, ananifokea, 'Stosh, maiti hatetemeki!' Mara Ardith akapiga yowe. Hakuna aliyemfundisha. Mbwa wa wavuvi wakaanza kubweka ng'ambo ya ghuba. Mimi maiti, mwenzangu, nikainuka nikakimbia!"

Yowe lile lilidumu sekunde kumi na tisa. Sekunde kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, kwa pumzi moja. Ardith alikaa siku nne bila sauti. Shuleni aliwauliza watoto kama wanataka supu kwa kunyoosha kidole.

Filamu ilipata mnunuzi kutoka mbali. Karatasi ilitiwa saini juu ya boneti ya gari, upepo ukivuma kutoka ziwani. Picha, sauti, jina, kila kitu, vikawa vya mnunuzi milele. Nani angesoma? Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nao walikuwa na furaha.

Miaka ikapita. Mwaka 1996 Ardith alipatwa na kiharusi. Kilimwacha anatembea, kikamnyang'anya maneno. Casimir aliacha televisheni siku ileile. Kwa miaka miwili alimlisha, alimchana nywele, alimsomea gazeti, na Ardith hakuweza kumjibu hata neno moja. Alifariki mwaka 1998.

Ndipo Casimir alipogundua kwamba sauti ya mkewe haikubaki popote. Mikanda ya nyumbani ilikuwa bubu. Ilibaki salamu fupi tu kwenye mashine ya simu. Siku moja alibonyeza kitufe akitaka kuisikiliza, akabonyeza kisicho chenyewe. Ikafutika. Alikaa chini, karibu na simu, mpaka binti yake akaja. Katika ile filamu yao yowe lilikuwepo, lakini muziki ulilifunika, na nakala zilizobaki zilikuwa zimechakaa. Lilisikika kama mtu anayeita nyuma ya ukuta.

Halafu, mwaka 2011, *Wageni wa Januari* ikatengenezwa upya. Kampuni kubwa, waigizaji wazuri, barafu ya kompyuta. Casimir alisema hatakanyaga ukumbini. Binti yake Marcella, mwalimu wa hesabu, mtoto wao wa pekee, ndiye aliyembembeleza. "Baba, twende tu tukaicheke. Stosh naye anakuja."

Walikwenda Jumapili mchana, watatu hao. Marcella alikaa katikati. Mwanzo walicheka kweli. Stosh alinong'ona, "Maiti wa nne siku hizi ana misuli!" Casimir alitikisa kichwa na kula bisi zake.

Kisha yule mwigizaji mpya, msichana mrembo wa miaka ishirini na kitu, akafungua mlango wa kibanda. Akafungua mdomo. Na kutoka kwenye mdomo ule ikatoka sauti ya Ardith.

Bisi zilimwagika. Casimir alimshika Marcella mkono.

"Huyo ni mama yako."

"Baba, tulia."

"Marcella, huyo ni mama yako!"

Stosh akainama. "Kaz, watu hupiga mayowe kwenye filamu zote."

"Nimeishi naye miaka thelathini na saba, Stosh. Usiniambie."

Na ilikuwa kweli. Kampuni ilikuwa imeupata ule mkanda wa sauti wa mwaka 1973 katika ghala la yule mnunuzi wa zamani. Wakausafisha, wakaondoa muziki na upepo, wakaupachika kwenye kinywa cha msichana yule. Sekunde kumi na tisa, safi, zikatoka kila pembe ya ukumbi. Wanafunzi wa safu ya nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu anauawa au anaimba opera?"

Casimir alisimama. Aligeuka akawatazama. Marcella anasema alingoja baba yake aseme neno, maana baba yake hakuwahi kukosa neno. Casimir alikaa tena, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka taa zikawaka.

Aliandika barua tatu. Hakutaka kushtaki. Aliomba nakala ya ule mkanda, basi. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili ya shukrani. Ya tatu ilijibiwa kwa kifurushi, na ndani yake mlikuwa na fulana ya filamu, saizi ya mtoto. Mwanasheria mmoja wa hapa mjini aliisoma ile karatasi ya zamani kwa dakika mbili, akavua miwani. "Mzee Gorny," akasema, "kwa karatasi hii hata mwangwi ni wao."

Basi akafanya alichoweza. Kila mchana filamu ilipoonyeshwa, Casimir alinunua tiketi. Aliingia katikati, akasimama ukutani, akasikiliza zile sekunde kumi na tisa, akatoka. Marcella alimfuata siku moja hadi maegeshoni.

"Baba, kwa nini unajitesa?"

"Sijitesi. Nakwenda kumsikia mke wangu."

"Anapiga yowe, baba! Kila siku unakwenda kumsikia mama akipiga yowe!"

"Ndiyo hiyo niliyopewa," akasema. "Ungekuwa na nyingine, ungenipa."

Marcella hakuwa nayo. Alimfungulia mlango wa gari.

Majira yale ya kupukutika majani, maktaba ilimwalika Bwana Ukungu azungumze na wapenzi wa filamu za kutisha. Ukumbi ulijaa. Bibi mmoja akanyoosha mkono akauliza lile swali ambalo sote tulijua jibu lake. "Bwana Ukungu, hizi zinazotengenezwa upya, zinafaa kutazamwa?"

Tulikuwa tayari kucheka.

"Sijui," Casimir akasema. "Nimewakataza miaka yote. Hii mpya ni mbovu. Haina baridi, haina njaa, wale wafu hawana hamu ya kukaa mezani. Nimeiendea mara kumi na moja. Sijui niwaambie nini."

Akashuka jukwaani. Ndiyo mara ya mwisho aliyozungumza mbele ya watu.

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuishia hapo. Lakini Marcella ameniomba nisipambe. Miaka mitano iliyopita akili ya Casimir ilianza kumtoka. Alihamia nyumba ya wazee, upande wa mashariki, na ile filamu mpya alikwenda nayo, kwenye diski. Aliitazama kila siku. Wauguzi walizoea. Na siku moja Marcella alimkuta amegusa kioo cha televisheni, ameweka kiganja kwenye uso wa yule msichana mwigizaji.

"Ardith wangu," akasema. "Umekuwa mzuri namna hii tangu lini?"

Marcella aliishusha picha ya mama yake ukutani, ile ya Ardith na aproni ya shule, akamwekea mapajani. "Baba, Ardith huyu hapa."

Casimir aliitazama kwa adabu. "Mama mwema," akasema. "Ni jirani?"

Marcella aliniambia, "Nilitaka kuivunja ile diski. Niliishika mkononi. Lakini ningeivunja, ningembakishia nini? Ile ya zamani nilimwekea. Alisema inamuumiza masikio, akaomba nimrudishie mkewe. Nikamrudishia. Kila Jumapili nilikaa kando ya baba yangu, yeye akimpenda mwanamke wa watu kwa sauti ya mama yangu."

Jumanne iliyopita, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, Casimir Gorny alifariki. Binti yake alikuwepo. Televisheni ilikuwa imezimwa; Marcella ndiye aliyeizima, na mpaka leo hajui kama alifanya vyema. Anasema baba yake alikuwa akitazama pale ilipo. Midomo ilitikisika. Aliinama amsikie, hakusikia.

Kwa Marcella Gorny, pole sana, dada yetu. Pole kwa Stosh Bielak, ambaye sasa ndiye wa mwisho katika wale waliosimama juu ya barafu. Mungu awatie nguvu. Misa ni Jumamosi saa nne asubuhi, na baadaye kutakuwa na chakula ukumbini chini ya kanisa.

Baadhi yenu mmepiga simu kuniuliza kama mzitazame zote mbili wikendi hii, ya zamani na mpya, kwa kumuenzi. Nilimpelekea Marcella swali hilo. Alinijibu hivi, nami nawasomea alivyoandika: "Watazame wanavyotaka. Mimi tangu Jumanne najaribu kumkumbuka mama akiongea tu. Akiniita nije kula. Akimsuta baba kwa viatu vyenye theluji. Sauti hiyo siipati. Nikifumba macho, napata lile yowe peke yake."

Wasikilizaji wapendwa, zimeni redio sasa. Kama kuna mtu nyumbani, muulizeni jambo lolote, hata kama ni chumvi iko wapi. Mwacheni ajibu mpaka amalize.