Nilimfunga Mgongoni Mwanasesere

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nianze na la aibu kabla hamjaambiwa na wengine: siku tuliyokimbia kwetu Palma, kaskazini ya Msumbiji, nilimfunga mgongoni mwanasesere, mwanangu nikamwacha amelala kwenye mkeka. Chekeni tu. Hata mimi nacheka, maana nikiacha kucheka sijui nitafanya nini.

Kwetu tulikuwa tunashona maboneka, wanasesere wa kitambaa. Mama yangu marehemu ndiye aliyeianza kazi, mke wangu Mwanaisha akaishika. Yeye anatia sura, anapaka usoni msiro, ule unga mweupe wa mti wanaojipaka wanawake wetu, anavika kanga. Mimi niliyeiacha skola, shule, katikati, nilipewa kujaza: pamba kichwani na kifuani, mchanga matakoni. Wageni wanaokwenda visiwani walitaka wakimpakata wasikie uzito wa mtoto kweli. Wananunua, wanakwenda kumpanga kabatini, na watoto wao marufuku kumgusa. Haya, mali yao.

Siku ile Mwanaisha alikwenda kisimani. Zaina wetu, hajatimiza mwaka, alilala pale pale tunapofanyia kazi. Nilimfunika kanga gubigubi kwa ajili ya nzi. Ubavuni mwake boneka kubwa, nalo limefunikwa kanga lisishike vumbi. Wenye silaha wakauvamia mji, bunduki zikalia. Nikanyakua, nikafunga, nikatoka mbio. Njia nzima namsifu: tulia hivyo hivyo mwanangu, mtoto mpole wewe.

Mwanaisha nilimkuta ufukweni Tungue, watu wanagombania mashua. Tukapanda. Nchi kavu ilipokuwa mbali akataka mtoto amnyonyeshe. Akafunua kanga. Akaniangalia.

"Baba Zaina," akasema, "mtoto yuko wapi?"

Ndugu zangu, niliomba turudi. Mwenye mashua akakataa, na haki alikuwa nayo, watoto wa wenzangu walikuwamo. Nikataka kujirusha majini, wakanishika. Nikataka kulitupa lile boneka, Mwanaisha akalikatalia. Kalipakata mpaka kisiwa cha Rongui, maziwa yanamtoka, yanalilowesha.

Kisiwani hakusema na mimi. Tukahamishiwa kambini katika mji wa Pemba, huku bara, hakusema na mimi. Natawadha, nasimama kuswali, maneno hayaji. Usiku na mchana namwona Zaina anafunua kanga yake, hamwoni mtu. Mwisho nikamwambia Mungu: mimi akili sina, Wewe unajua alipo. Dua yangu yote ilikuwa hiyo.

Na alisikia! Jirani yetu, profesora mmoja, mwalimu wa kike aliyeletwa kufundisha kutoka Nampula, Mkristo, alipita mlangoni kwetu akikimbia, akasikia kilio. Akaingia, akambeba. Alitembea naye porini akimwombea uji wa muhogo kwa watu. Miezi ilikuwa imepita na mvua zimeshaanza siku alipoingia kambini, miguu imemvimba, Zaina mgongoni.

Msidhani ilikuwa sherehe. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka. Na mimi nilipomnyooshea mikono, alilia akamkumbatia profesora. Mpaka leo akiumia haji kwangu.

Lakini yuko hai, ndugu zangu! Namshukuru Mungu aliyemtuma mwenye masikio. Wewe uliyepoteza, mwombe hata kwa maneno mabovu kama yangu. Hachagui.

Mara ya kwanza kuyasema haya msikitini, watu walicheka sana. Tulipotoka, rafiki yangu Bakari akanivuta pembeni. Tulikimbia naye mashua moja, na mwanawe wa kiume alipotea siku ile ile. Nilijua atanigombeza kwa kuleta mzaha. Akanishika mkono, akasema:

"Endelea kusimulia, mwenzangu. Wangu bado sijampata. Siku nikikusikia wewe, siku hiyo nakula."