Maisha ya Sista Kaa Chini, Muuguzi wa Wodi ya Wanawake

Sista Kaa Chini, jina alilopewa kazini akalizoea kuliko lile la kuzaliwa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na mama alikuwa mgonjwa mara kwa mara, hivyo dada mkubwa aligeuka mama wa pili. Mdogo wake wa mwisho, anayesoma maneno haya hapa kwenye mazishi yake, alibebwa mgongoni mwake hadi majirani wakaanza kucheka.

Alianza shule mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1984. Hesabu zilimpiga chenga, ila kila aliyechubuka uwanjani aliletwa kwake. Alihitimu chuo cha uuguzi tarehe 2 Desemba 1988.

Mwezi uliofuata aliajiriwa katika wodi ya wanawake, yenye vitanda ishirini na vinane, na hakuhama tena. Mwaka 2006 alifanywa msimamizi. Mwaka mmoja baadaye, muuguzi aliyeunganisha zamu mbili alimchoma mgonjwa sindano ya dawa ileile mara mbili. Mgonjwa alipona, muuguzi nusura aache kazi. Marehemu alikwenda kwa wakubwa akasema, "Kosa ni langu. Nilimwona amechoka, nikanyamaza."

Tangu hapo, kabla ya kupokezana zamu, kila muuguzi alikaa kwanza, akaulizwa: umekula? Umelala? Nani amekuudhi? Ndipo habari za wagonjwa zikafuata. Daktari mmoja alilalamika kwamba anapotezewa muda. Akavutiwa kiti.

"Kaa chini, daktari. Chai umekunywa?"

Hakuwa amekunywa. Jina likaanzia hapo.

Aliolewa tarehe 20 Juni 1992 na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za wodi. Mumewe hakatai kwamba taa moja ilimchukua siku nne. Walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na wa kumuuliza, na hilo ndilo linaloiuma familia. Mwaka 2021 alihisi uvimbe kwenye titi. Wodi ilikuwa na upungufu wa wauguzi watatu. Mara mbili alijipangia likizo akapimwe, mara mbili akafuta jina lake na kuandika la mwenzake. Mumewe alipombana, alijibu, "Wakiletwa wengine nitakwenda, baba watoto." Alikwenda Februari 2023, na ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Yeye aliyewahimiza wanawake wa mtaa mzima wakapimwe! Mdogo wake huyu anayesoma alikasirika, na hasira hiyo haijaisha hadi leo. Inasomwa hapa kwa sababu marehemu alikataa ifichwe.

Akiwa kitandani alimwita binti yake, ambaye naye ni muuguzi.

"Nilidhani nikisimama mimi, ninyi mtakaa," alisema. "Kumbe mlikuwa mnaniangalia nilivyosimama, mnajifunza hilo. Mwanangu, hili usiniige."

Binti alikwenda kupimwa wiki ileile, na yuko salama.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, katika wodi yake mwenyewe, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, wadogo zake wanne, na wauguzi kumi na mmoja aliowalea kazini. Wanaoshangaa kuona wauguzi sita tu hapa wasiwalaumu wenzao. Hao watano wametoka zamu asubuhi hii, na marehemu aliacha agizo kwamba atakayetoka zamu siku ya mazishi yake asije, aende akalale. Walibisha, wakalia, mwishowe wakatii. Saa hii wako vitandani mwao.

Mungu ampe naye pumziko alilowagawia wenzake.