Chumba cha Uani cha Mjomba Besi

Ingieni nyote, wanangu, mkae, na wewe mkwe wangu uliyejimwagia manukato kama unaozwa upya sogea dirishani, maana katika mwili huu pua ndiyo kiungo pekee kinachofanya kazi bila kulalamika, na leo nina maneno yatakayonuka yenyewe bila kusaidiwa na mtu. Asilie yeyote. Atakayelia nitamtoa nje. Tangu juzi nakusanya nguvu kwa ajili ya saa hii moja, nimemeza supu isiyo na chumvi, nimekubali kugeuzwageuzwa kama godoro lililokojolewa, kwa hiyo msinikatize.

Naanza na mali, kwa sababu najua ndiyo mnayoingojea hata mkijifanya mnahesabu mbao za dari. Nyumba hii ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Cherehani ni ya binti yangu. Dramu zilizo chini ya turubai ni za kitinda mimba, ingawa anazipiga kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Lakini chumba cha uani hakimo katika hesabu yenu. Chumba cha uani ni cha Besi mpaka siku atakapotoka humo amebebwa, na hapa ndipo penye shughuli, kwa sababu nimesikia. Mlidhani nimekuwa kiziwi? Muuza maziwa ameniambia, naye aliambiwa na fundi bomba, na fundi bomba alikuwapo mwenyewe kwa macho yake mawili uliposimama humo ndani, mwanangu mkubwa, na futi kamba mkononi, unapima chumba cha mtu mwenyewe akiwa amekaa kitandani, amekunja miguu ili usimkanyage. Ukamwambia, "Mzee, mama akishaondoka itabidi utafute pa kwenda." Sijaondoka, umeshapima! Na wewe, binti, usimcheke kaka yako, maana uliketi saluni na vibano kichwani ukatangaza kwamba yule mzee ana harufu na ndiyo maana wageni hawaji kwetu.

Harufu. Haya, mama, leo nitakufundisha harufu.

Mmekua mkijisifu shuleni kwamba mama yenu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya roki, mkidhani yalikuwa maisha ya taa na makofi. Yalikuwa maisha ya soksi. Tulikuwa watano ndani ya gari moja lenye dirisha la nyuma lisilofunguka: dereva, mpiga gitaa, mwimbaji tuliyemwita Koo, huyu Besi mpiga gitaa la besi, na mimi. Spika zilikaa vizuri kuliko sisi. Koo alikuwa anasukutua mayai mabichi ili sauti isikwaruze, kisha anatema kwenye kopo, na kopo halikuwa na kifuniko, na barabara zilikuwa na mashimo. Mpiga gitaa alikuwa anabandua ngozi ya nyayo zake na kuipanga kwenye kisahani cha majivu kama mtu anayetunza risiti. Mimi nami sikuwa malaika, nilikuwa natafuna vitunguu vibichi kwa ajili ya kifua, na mtu akiguna namwambia ashuke atembee.

Halafu kulikuwa na makoti. Katika safari yetu ya kwanza mtu alifua makoti ya jukwaani, na kesho yake spika mbili zikaungua mbele ya watu, wakaturushia chupa. Basi Koo akatoa amri, nasi watu wazima wenye akili zetu tukaapa: koti halifuliwi mpaka safari iishe. Makoti meusi ya ngozi ya bandia, wanangu, miji kumi na minane, kila siku jasho juu ya jasho. Kwapani yaliota kitu cha kijani. Ukilivua na kuliweka chini, linasimama lenyewe kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Tulilizoea gari letu mpaka tukawa hatunusi tena, ila wahudumu wa nyumba za wageni walikuwa wakitufungulia mlango kisha wanarudi nyuma hatua tatu, na Koo anadhani wanatuheshimu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia.

Mwenye dramu na mwenye besi ni kama watu waliobeba kabati moja kwenye ngazi: mmoja akikosea hatua, wote wanaporomoka. Besi hakuwa akinitazama jukwaani, alikuwa akiusikiliza mguu wangu, na miaka tisa hatukuwahi kuangusha kabati. Katika mji wa kumi na moja alikuwa anafungua kopo la samaki kwa kisu, gari likaruka, akajikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Jeraha dogo tu. Lingepona kwa siku tano. Lakini nyuzi za besi ni chuma, na sisi tulikuwa na onyesho siku ileile, basi Koo akachukua ule utepe mweusi wa kunata tunaofungia waya za umeme, akavizungushia vidole vile mara nne, mara tano, akasema, "Umekuwa mpya." Na kweli akapiga vizuri. Kila akitaka kuubandua, Koo anamwambia, "Usiuguse, ndugu yangu, umeshaleta bahati." Mnaona wenyewe. Watu walioapa kutofua koti walikuwa tayari kabisa kuapa kutofungua kidonda.

Mji wa kumi na nne, nikiwa nimekaa naye bega kwa bega kwenye kiti cha nyuma, nikainusa. Chini ya makoti, chini ya mayai, chini ya soksi na vitunguu vyangu, kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya kichefuchefu, inayokaa nyuma ya ulimi. Wengine hawakuijua. Koo alisema kuna panya amekufia ndani ya spika, tukacheka wote, na Besi naye akacheka, masikini, mkono kaufumbata mapajani. Lakini mimi niliijua. Bibi yenu alikaa na kidonda mguuni miaka miwili, na mimi ndiye niliyekuwa nakiosha tangu nikiwa na umri wa miaka kumi. Harufu ya nyama inayooza kwa mtu aliye hai siwezi kuichanganya na kitu chochote duniani. Sikushuku, wanangu, wala sikudhani. Nilijua.

Na nikanyamaza. Mnataka kujua kwa nini? Kwa ajili ya jina langu kwenye gamba la santuri.

Katika santuri yetu ya kwanza fundi mitambo wa studio alinitazama viganja akasema mwanamke hana kifundo cha roki, akaleta mwanamume wake. Mimi nikapigwa picha nimeshika vijiti, nimetabasamu kama mjinga, na ndani ya nyimbo anapiga mtu ambaye hata jina lake sikuambiwa. Miaka minne watu walinisifia mikono isiyo yangu, nami nikawa naitikia asante, asante. Safari hii Koo alikuwa ameahidi kwamba nitapiga mwenyewe. Studio tulikuwa tumepewa siku mbili tu mwishoni mwa ule msafara, zikipita zimepita. Nikajiambia: nikisema, tutapelekana hospitali, siku zitapita, atakuja tena mwanamume wa watu kukaa kwenye kigoda changu. Nikamwambia dereva tumbo linanisumbua nikikaa nyuma, nikahamia mbele karibu yake, nikafungua kioo, nikavuta hewa safi. Siku sita nilivuta hewa safi.

Studio ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa mazulia mazee, mlango mzito kama wa benki. Fundi mitambo alitubana humo ndani na vile visikio masikioni, akawasha taa nyekundu, na dakika ileile akaizima, akatokeza kichwa: "Samahani jamani, mnafuga nini?" Koo akasema ni makoti. Akawasha udi, akatutia na feni, tukaendelea. Na nilipiga, wanangu! Sitawadanganya kwa kuwa nakufa. Sijapiga vile kabla wala baada. Na Besi alinifuata kila hatua, uso umekuwa wa majivu, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyuzi, hakuruka noti hata moja. Siku ya pili tulipomaliza, Koo akasema sasa tuufungue ule utepe wa bahati. Tukaufungulia kwenye sinki la ukumbini. Haukutoka peke yake. Mpiga gitaa akatapika palepale juu ya viatu vyake, na mimi nikasimama kando na macho makavu, najifanya nimeshangaa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alivikata vidole vyote viwili, akatoka akatuuliza, "Nani alikuwa anakaa karibu naye?"  Koo akatazama saa. Wiki iliyofuata tulikuwa na mpiga besi mwingine, kijana mwenye vidole kumi. Wala msinipambe mkadhani niliacha kazi kwa uchungu: nilipiga nao miezi minane mingine, na santuri ilipotoka nililala nayo chini ya mto wangu. Ule wimbo mnaoucheza kwenye harusi zenu, mnaonivuta mkono nije kucheza na mimi nakimbilia chooni mkidhani ni tumbo la uzee, ndio tuliourekodi siku hizo mbili. Ukilia tu, ile harufu inarudi nyuma ya ulimi.

Besi nilimkuta baadaye analinda ghala la magunia matupu, analala juu ya mzigo. Mkubwa ulikuwa unatambaa. Nikamleta hapa, nikawaambia ni mjomba wenu. Mtaa mzima ukasema ni bwana wangu, na mimi, mimi niliyeujua umbea wote wa mtaa huu na kuutia viungo, huo mmoja sikuukanusha. Niliupenda! Uzinzi una utamu wake masikioni, ukweli wangu ulikuwa unanuka. Baba yenu alifungasha sanduku kwa sababu ya maneno hayo, na sentensi moja tu ingemrudisha kutoka mlangoni. Sikuisema. Nilimwacha aende akiamini mimi ni malaya, nikaona afadhali. Basi yale yote mliyonichukia kwa ajili ya baba yenu, mlikuwa mmekosea sababu tu, si mtu.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Leo asubuhi nilimwita Besi nikamwambia yeye kwanza, kabla yenu. Alikuwa amekaa hapo ulipo wewe, mkubwa, anatengeneza redio ya jirani kwa vile vidole vitatu. Nikamweleza yote, tangu panya mpaka daktari. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua. Ulihama kiti, dada." Basi. Akaendelea kukaza skrubu. Miaka yote hii amekula mezani kwangu, amewabeba nyie mgongoni, amenisalimu kila asubuhi, na anajua! Nikamwuliza, kwa nini basi ulikubali kuja kukaa kwangu? Nilitegemea atasema amenisamehe, unajua tena sisi wazee tunavyopenda kubembelezwa. Akanitazama akasema, "Nilikuwa sina pengine."

Mmesikia? Hakunisamehe. Alikuwa hana pengine. Na hana mpaka leo, na ndiye uliyemwambia, mkubwa, atafute pa kwenda.

Karatasi ipo kwa wakili, nimeweka dole gumba. Lakini nawajua, niliwazaa: karatasi haitawazuia kumnyima maji, kumfungia choo, kumpita uani kama ndoo, mpaka aondoke mwenyewe na mseme alitaka. Kwa hiyo fanyeni hivi. Bati linalovuja juu ya kitanda chake libadilishwe kabla hamjaninunulia sanda. Chakula chake kitoke sufuria moja na chenu. Binti, utamfulia mashuka kwa mkono wako na mdomo umefungwa. Na Koo, nasikia bado mzima na nywele kazipaka rangi, akija kunizika na koti lake, mpeni maikrofoni iliyozimwa, aimbe mpaka achoke.

Pumzi... ngojeni. Msinishike, niacheni.

Kitinda mimba, kamwite Besi aje. Asijifute mikono, aje hivyohivyo.

Haya. Simama hapo, ndugu yangu. Nakuona nusu, lakini nakuona.

Wanangu, Mungu awape riziki zisizowatia aibu. Awape watoto watakaowaambia ukweli mkiwa bado na nguvu za kuusikia. Mkiona baya, awape mdomo siku ileile, si... si miaka arobaini baadaye, mmelala chali kama mimi. Muoneane haya. Mpendane kidogo, mkiweza.

Mkubwa. Mwambie sasa. Si mimi, mimi naondoka, mimi wa nini... mtazame yeye. Mwambie chumba ni chake.

Hapana, umesema na sakafu. Inua uso. Sema tena.

Tena.

Haya... Nimesikia. Besi, umesikia? Usimjibu. Nenda kalale.